Ni nani apimaye mizani?

Mtakumbuka ya kuwa majuma machache yaliyopita tuliongea katika ukurasa huu juu ya dawa za kuponya ugonjwa wa Ebola. Tangu hapo barua zimetufikia. Nyingi zatushukuru, mbili tatu zatugombeza kwa kuwa tulisahau kuwataja wauguzi. Lakini moja, ya mama mmoja wa hapa Tenke, imetukaa moyoni. Aandika hivi: "Mwasema dawa hiyo ni unga mweupe ndani ya kichupa, huyeyushwa kwa maji, kisha hutiwa katika mshipa wa mgonjwa. Haya. Lakini unga ni unga, na maji ni maji. Mwajuaje yaliyomo?"

Mama huyo ana haki ya kuuliza, naye atueleza sababu. Mumewe huchimba malakaiti. Mwezi uliopita yeye na wenziwe walipeleka magunia yao kwenye depo moja. Mnunuzi akayaelekezea mawe kile chombo cha mkononi ambacho wachimbaji wa Lualaba hukiita Metorex, akasoma hesabu, akalipa. Siku ya pili walipeleka mawe ya shimo lile lile kwenye depo nyingine, na hesabu ikawa nyingine kabisa. Kama kosa lilikuwa la mawe, la mkono au la moyo, si kazi yetu kuamua. Lakini mtu asiyeweza kuona kwa macho thamani ya kitu alichokishika hana budi kumtegemea mwenye mizani. Na mama huyu aona ya kuwa mgonjwa mbele ya kichupa yumo katika hali ile ile ya mumewe mbele ya mnunuzi.

Basi leo tutamjibu. Jibu ni refu kidogo, nasi twawaomba wanafunzi walisome pamoja na wazazi wao, maana wazazi watajua mambo ya magunia na watoto watajua mambo ya hesabu.

Tuanze na kitu chenyewe. Ugonjwa ukiingia mwilini, seli fulani za damu hutengeneza protini za kumkamata adui. Protini hizo ndizo kingamwili. Kila kingamwili hushika kitu kimoja tu, kama nati inavyoshika bolti yake na kukataa nyingine zote. Mtu aliyepona hubaki nazo, na seli zake hukumbuka namna ya kuzitengeneza hata baada ya miaka mingi.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 waliugua, na wapatao 250 wakafa. Miongoni mwao walikuwa Masista sita wa shirika la Maskini la Bergamo, ambao hawakukubali kuwaacha wagonjwa wao. Twawataja kwa sababu familia zetu zapaswa kuwajua. Katika siku zile waganga wa Kongo, akiwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe, walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa wanane. Saba wakaishi. Wataalamu wengi wa nchi za mbali hawakusadiki, wakasema labda wale saba wangepona hata bila damu ile. Lakini shauri halikufa. Mwaka 2006, yaani miaka kumi na mmoja baadaye, mmoja wa waliopona Kikwit alitoa damu yake tena. Wajuzi wa Kinshasa, wa Marekani na wa Uswisi wakatafuta ndani ya damu ile, wakapata kingamwili moja yenye kushika sana. Waliiita mAb114. Siku hizi jina lake ni ansuvimab, na juu ya sanduku huandikwa Ebanga.

Ilijaribiwa kwetu wenyewe, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018 hata Agosti 2019. Jaribio lile lilipewa jina katika lugha yetu: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waligawanywa katika mafungu manne, kila fungu dawa yake. Katika kila wagonjwa mia waliopewa mAb114 walikufa 35. Waliopewa dawa nyingine iliyochanganya kingamwili tatu, iitwayo REGN-EB3, walikufa 33 au 34. Na mafungu mawili yaliyosalia yalipoteza karibu nusu ya watu au kupita nusu. Na wale waliopewa mAb114 mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, alikufa mmoja tu katika kumi. Mwaka 2020 dawa zote mbili zilipata kibali Marekani, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri zitumiwe.

Hapo ndipo swali la mama linapouma. Damu ilitoka kwa mtu wa Kongo, jaribio lilifanyika Kongo, lakini kichupa chatoka mbali. Twajuaje ya kuwa kilichomo ndani ya kichupa cha leo ni kile kile kilichoponya watu wa Beni?

Msidhani ya kuwa dawa hii hutengenezwa kama aspirini. Aspirini ni molekuli ndogo. Tukiita uzito wa atomi ya haidrojeni kuwa moja, aspirini ina uzito wa 180. Hutungwa kwa kanuni, na aspirini ya Brussels na ya Bombay ni moja. Kingamwili moja ina uzito wa karibu 148,000. Ina minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi, na ndani ya minyororo hiyo mna asidi amino zipatazo 1,300, zimepangwa moja baada ya nyingine. Hakuna fundi awezaye kuipanga hivyo kwa mkono. Huchukuliwa seli zilizotoka zamani katika ovari ya panya mdogo wa China aitwaye hamsta, hupewa maagizo ya kutengeneza kingamwili ya mwanadamu, kisha hulishwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma.

Basi seli ni kitu hai, na kitu hai hupika. Wamama wa Tenke wajua: unga mmoja, maji ya bomba moja, lakini bukari ya nyumba hii si bukari ya nyumba ile. Moto ukizidi kidogo katika pipa, hewa ikipungua, chakula cha seli kikibadilika, kingamwili nayo hubadilika. Hapa oksijeni imejishikiza mahali isipopaswa. Pale sukari iliyobandikwa juu ya mnyororo imepungua tawi. Kwa macho ni unga mweupe ule ule.

Ndiyo maana inapimwa, tena hupimwa molekuli kwa molekuli. Mizani hiyo huitwa spektrometa ya masi. Mwanzo wake ni wa zamani. Mwingereza J. J. Thomson wa Cambridge alionyesha mwaka 1913 ya kuwa gesi ya neoni ina atomi za uzito wa namna mbili, 20 na 22. Msaidizi wake Francis Aston akatengeneza chombo bora zaidi mwaka 1919, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1922. Lakini kwa miaka mingi mizani ile ilifaa vitu vyepesi tu. Ili kitu kipimwe ilipasa kwanza kirushwe, na protini ukiipasha moto ili iruke huungua kama nyama iliyosahauliwa jikoni. Aliyetegua kitendawili hicho ni mzee mmoja Mmarekani, John Fenn, katika miaka ya 1980. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 2002, umri wake ulikuwa 85, na hotuba yake aliipa jina la mabawa kwa tembo wa molekuli. Jina hilo latupendeza, kwa kuwa ndivyo ilivyo: alimfanya tembo aruke bila kumchoma.

Jinsi tembo anavyoruka, sisi wa Tenke hatuna haja ya kutafuta mfano mbali, maana tumekulia kwenye njia panda ya reli. Hapa reli itokayo Lubumbashi hugawanyika: moja hushika njia ya Kamina, moja huelekea Kolwezi na Dilolo hata mpaka wa Angola. Kila mtoto wa Tenke ameona mabehewa yakisukumwa stesheni. Fikirini basi behewa tupu na behewa lililojaa shaba, yasimama sambamba juu ya reli mbili. Yasukumwe yote mawili mara moja kwa nguvu iliyo sawa, kisha yaachwe. Lipi litafika kwanza mwisho wa reli? Lile tupu. Na mtu mwenye saa njema, akijua urefu wa reli na nguvu ya kusukuma, aweza kukuambia uzito wa kila behewa bila kulipandisha juu ya mizani yoyote.

Mashine hufanya vivyo hivyo. Dawa iliyoyeyushwa hupitishwa katika sindano nyembamba iliyotiwa umeme wa volti elfu kadhaa. Ikitokea nchani hutawanyika kama ukungu wa asubuhi. Kila tone hukauka likiwa njiani, na molekuli hubaki peke yake, imebeba chembe za umeme. Huingia katika chumba kilichotolewa hewa yote, kwa kuwa hewa ingekuwa kwake kama matope mbele ya behewa. Hapo umeme huisukuma, nayo hukimbia katika bomba tupu hata mwisho, ambako kuna kipokezi chenye saa ihesabuyo sehemu za bilioni za sekunde. Nyepesi hufika mbele, nzito hufika nyuma.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa madarasa ya juu wataligundua. Molekuli moja yaweza kubeba chembe hamsini za umeme, na mwenziwe arobaini na tisa, kama behewa moja linalosukumwa na watu hamsini na lingine lililokosa mtu mmoja. Basi kingamwili ya aina moja haitokei kwenye karatasi ya mashine kama mlima mmoja, bali kama safu ya vilima vilivyofuatana. Hesabu ya kulinganisha kilima na jirani yake ndiyo itoayo uzito wa kweli. Mwenye kudharau hesabu za darasani na alikumbuke hilo.

Sasa karatasi yasema nini? Kama uzito umeongezeka kwa 162, maana yake kipande kimoja cha sukari kimezidi. Ukiongezeka kwa 16, oksijeni moja imejishikiza. Lakini kuna badiliko linaloongeza moja tu: asidi amino iitwayo asparajini yageuka kuwa asidi ya aspatiki. Moja katika 148,000! Ni kama kutafuta kilo moja iliyozidi katika gari moshi zima lililobeba shaba. Na tena badiliko hilo likitokea mahali pale kingamwili inaposhikia virusi, kushika kwaweza kulegea. Kwa hiyo wapimaji hawatosheki kupima gari zima. Kwanza hufungua viungo vyake na kupima behewa kwa behewa, yaani mnyororo mzito na mnyororo mwepesi. Kisha hutumia kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho hukata mnyororo mahali maalum tu, wakapata vipande vidogo vidogo, kama magunia yaliyoshushwa behewani. Kila gunia hupimwa na kulinganishwa na orodha. Katika gunia dogo, kilo moja iliyozidi huonekana.

Kwa njia hiyo hiyo huonekana pia uchafu, yaani protini za yule hamsta zilizosalia ndani ya dawa kwa kiasi kidogo mno.

Mtatuambia: haya ni mambo ya watu wenye mashaka kupita kiasi. La, wapenzi. Mwaka 2012 wakuu wa dawa wa Marekani walitangaza ya kuwa kulikuwa na vichupa bandia vya Avastin, kingamwili itumikayo dhidi ya saratani. Vilipopimwa havikuwa na dawa hata kidogo. Mwezi wa Julai 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa sababu ya Avastin bandia iliyoonekana Uganda, jirani zetu. Mwenye kununua dawa hiyo huwa ameuza ng'ombe au shamba. Na mwaka 2017 wajuzi wa Korea ya Kusini walieleza jambo ambalo kwetu lahuzunisha kwa namna nyingine. Walikuwa wamepima vichupa vingi vya Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, vilivyonunuliwa sokoni kwa miaka kadhaa. Dawa ilikuwa halisi, kiwanda chake halali, wala hapakuwa na mwizi yeyote. Lakini katika baadhi ya mafungu sukari zilikuwa zimebadilika, na nguvu ya kuita seli zinazoua saratani ilikuwa imepungua. Bukari ilikuwa imebadilika jikoni, na jina juu ya sanduku lilibaki lile lile.

Hata hivyo tusiisifu mizani hii kupita haki yake. Husema uzito, wala haisemi yote. Haiwezi kukuambia kama dawa ina vijidudu vya kuoza. Jambo hilo huchunguzwa kwa njia nyingine. Kingamwili zikishikamana na kuwa mabonge, mara nyingi mashine huzitenganisha yenyewe katika kuzirusha, ikasema kila moja ni nzima. Kwa hiyo mabonge nayo hutafutwa kwa kipimo chake. Tena kingamwili yaweza kuwa na uzito kamili na isishike virusi kwa kuwa imekunjika vibaya; kwa hiyo hupelekwa mbele ya protini ya Ebola, ionekane kama yashika. Mizani ni shahidi mmoja. Hakimu mwema huita mashahidi wengi.

Na baada ya mashahidi wote kusema, kichupa huanza safari. Hapo mashine imebaki nyuma. Vichupa vya Ebanga vyataka kukaa katika baridi ya digrii 2 hata 8, ndani ya sanduku lao, mbali na mwanga, na unga ukiisha kutiwa maji hautikisiki ovyo bali huzungushwa taratibu. Joto na mwanga huleta oksijeni ile ya 16 na badiliko lile la moja. Kutikisa huleta mabonge. Kipimo kilichofanywa kiwandani ni kweli kwa siku ile na kwa mahali pale. Mwuguzi wa zahanati hana spektrometa, na hata angepewa, mashine hiyo yataka umeme usiokatika, na umeme wetu mwaujua. Alicho nacho ni kipimajoto ndani ya friji na daftari la kuandika digrii asubuhi na jioni. Tunasema wazi: mwuguzi anayeandika digrii ambazo hakuzisoma, ili daftari lipendeze mbele ya mkaguzi, amefanya lile lile ambalo mchimbaji humshuku mnunuzi kulifanya. Na anayeripoti ya kuwa usiku friji ilizima, hata kama atagombezwa, ameendeleza kazi ya wale wapimaji wa mbali.

Tulipokuwa tukitayarisha ukurasa huu tulisoma sehemu yake mbele ya wanafunzi wetu. Kijana wa yule mama yumo katika darasa hilo. Alisikiliza habari za mabehewa hata mwisho, akainua mkono. "Mwalimu, na hiyo mashine yenyewe, ni nani anayeipima?"

Tulikiri mbele ya darasa ya kuwa hatukuwa tumeliwaza vizuri jambo hilo, tukaomba tupewe siku mbili. Jibu tulilolipata ni hili. Kila siku kabla ya kazi, mashine hupewa kwanza kitu ambacho uzito wake wajulikana. Ikisema vingine hurekebishwa, na kazi ya siku haianzi. Kiwanda nacho huweka katika baridi kali kichupa cha asili ambacho kila fungu jipya hulinganishwa nacho. Lakini kichupa hicho ni cha kiwanda, na mtu aweza kusema mwenye duka ndiye mwenye jiwe la mizani. Basi mwaka 2016 taasisi ya serikali ya Marekani yenye kusimamia vipimo, iitwayo NIST, ilitoa kingamwili ambayo si ya kumtibu mtu. Kazi yake ni kupimwa tu. Wataalamu wengi wameipima kwa njia nyingi, minyororo yake yajulikana, sukari zake zajulikana, na kila kichupa huja na hati. Maabara yoyote ulimwenguni, ya Basel, ya Seoul au ya Kinshasa, yaweza kuagiza kichupa kimoja, kukipima kwa mashine yake yenyewe, na kuona kama mashine yasema kweli.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kuna kitu cha namna hiyo kwa ajili ya mawe ya shaba.

Tulimjibu ya kuwa kipo. Kuna unga wa mawe yenye shaba na kobalti uliokwisha kupimwa na maabara nyingi, nao huuzwa pamoja na hati inayoonyesha ni sehemu ngapi katika mia ni shaba. Mtu akiuelekezea chombo cha mkononi mbele ya muuzaji na mnunuzi, wote wawili husoma hesabu ile ile na kuilinganisha na hati, ndipo magunia yafunguliwe. Akaomba tumwandikie jina la kitu hicho kwenye kipande cha karatasi, ili baba yake na wenziwe waulize bei.